Zimamoto ya mji kupanda hadi ngazi ya paramediki: tuunge mkono mpango upi?

Swali

Ndugu mtaalamu, pokea salamu zangu. Mimi ni Mkongomani niliyepata uraia wa Marekani, na mwaka huu nimechaguliwa kuuwakilisha mtaa wetu, wenye familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, katika kamati ya wakazi inayoishauri halmashauri ya mji kuhusu usalama. Zimamoto yetu ina vituo sita, magari sita ya kuzimia moto na ambulensi tatu, na wote wanaofanya kazi humo wana cheti cha EMT, yaani wahudumu wa dharura wa kawaida. Hali ya mgonjwa ikiwa mbaya, huitwa paramediki wa kaunti, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya juu zaidi, ambaye mara nyingi hukutana na ambulensi yetu njiani. Mkuu wa zimamoto anapendekeza kwamba kila gari la kuzimia moto liwe na paramediki mmoja, na kila ambulensi iwe na wawili. Anasema maisha ya watu yataokolewa na gharama itarudi kupitia malipo ya bima. Naomba unieleze: ngazi hiyo inaongeza nini hasa, inadai maandalizi gani, na je, hoja ya gharama ina ukweli?

Jibu

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla kura haijapigwa. Nimefanya kazi hii nchini Marekani kwanza kama mhudumu wa dharura, kisha kama paramediki wa zimamoto, na sasa kazi yangu ni kupitia kumbukumbu za matibabu ili kuona kama wagonjwa walihudumiwa inavyostahili. Kwa hiyo nitakuambia msimamo wangu tangu mwanzo: ningeunga mkono zimamoto yenu kupanda ngazi, lakini nisingeunga mkono kuweka paramediki katika kila gari. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa katika mikutano ya halmashauri huzungumzwa kana kwamba ni moja.

Nianze na tofauti ya ngazi zenyewe. Nchini Marekani kuna ngazi nne zinazotambuliwa kitaifa: mwitikiaji wa kwanza, EMT, EMT wa juu na paramediki. Mhudumu wa EMT husoma kwa muda usiozidi sana saa 200, na katika muda huo hufundishwa mambo ambayo kwa kweli ndiyo yanayookoa watu wengi zaidi: kukandamiza kifua, kutumia mashine ya kushtua moyo, kuzuia damu isiendelee kutoka, kumpulizia mgonjwa hewa kwa mfuko, kutoa oksijeni, aspirini, naloksoni kwa aliyezidisha dawa za kulevya, na sindano ya adrenalini kwa aliyepatwa na mzio mkali. Paramediki husoma zaidi ya saa 1,000, kwa kawaida kwa mwaka mmoja au zaidi, zikiwamo zamu hospitalini na katika ambulensi chini ya mwalimu. Baada ya hapo anaweza kusoma mchoro wa umeme wa moyo wa mielekeo 12 na kutambua mshipa wa moyo ulioziba, kutia dripu katika mshipa au katika mfupa, kutoa dawa nyingi za moyo, za degedege na za maumivu makali, kuupa moyo unaopiga polepole mno msukumo wa umeme, na kupitisha mpira wa kupumulia hadi ndani ya koo la hewa. EMT wa juu husimama katikati: hutia dripu na kutoa dawa chache, lakini hasomi moyo kwa kina wala hapitishi mpira huo. Waulize viongozi wenu kama ngazi hii ya kati ilifikiriwa, kwa sababu kwa gari la kuzimia moto linalofika dakika chache kabla ya ambulensi, mara nyingi inatosha.

Je, kupanda ngazi huokoa maisha? Utafiti mkubwa uliojibu swali hili ulifanyika katika majiji 17 ya jimbo la Ontario, nchini Kanada, na matokeo yake kuhusu moyo kusimama yalichapishwa mwaka 2004. Watafiti walichukua miji ambayo tayari ilikuwa imehakikisha kwamba mashine ya kushtua moyo inafika haraka, wakaongeza huduma za ngazi ya paramediki, kisha wakalinganisha. Waliopona na kutoka hospitalini walikuwa asilimia 5.0 kabla na asilimia 5.1 baada. Kilichoambatana na kupona ni mtu kushuhudia mgonjwa akianguka, mtu aliye karibu kuanza kukandamiza kifua, na mshtuo wa umeme kutolewa mapema. Hata hivyo watafiti hao hao, katika matokeo ya mwaka 2007 kuhusu wagonjwa wanaoshindwa kupumua, walikuta vifo vilishuka kutoka asilimia 14.3 hadi 12.4 baada ya ngazi hiyo kuongezwa. Kwa watu 1,000 wanaohangaika kupumua, hao ni karibu 19 wanaorudi nyumbani ambao wasingerudi. Kwa hiyo mkuu wenu hasemi uongo, ila manufaa yake hayako mahali ambapo watu wengi hudhani. Yako kwa mzee ambaye mapafu yamejaa maji usiku, kwa mtoto mwenye degedege isiyokoma, kwa mgonjwa wa moyo ambaye mchoro wake hutumwa hospitalini kabla hajafika ili chumba cha kuzibua mishipa kiandaliwe, na kwa aliyevunjika paja ambaye anastahili kupewa dawa ya maumivu kabla ya kushushwa ghorofa tatu. Maumivu hayo ya paja hayaingii katika takwimu za vifo, lakini nimeyaona mara nyingi, na kwangu ni sababu tosha ya kutaka paramediki katika mji.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nipinge mpango wa kila gari. Ustadi wa paramediki hudumu kwa kutumiwa, na mji una wagonjwa mahututi wachache kuliko watu wanavyofikiri. Fanya hesabu hii pamoja nami, ukibadilisha namba kulingana na kumbukumbu za mji wenu. Mwaka una saa 8,760. Mzimamoto wa zamu za saa 56 kwa wiki hufanya kazi saa 2,912 kwa mwaka kabla ya likizo na ugonjwa. Ukiondoa siku hizo, kiti kimoja kisichoachwa wazi usiku na mchana kinahitaji watu wapatao watatu na nusu. Mpango wa mkuu wenu una viti 12: sita katika magari ya kuzimia moto, na sita katika ambulensi tatu. Hao ni paramediki 42. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mji hupata watu 70 kwa mwaka ambao moyo umesimama na wanahudumiwa, na kwamba kila mmoja wao anahitaji mpira wa hewa. Kila paramediki atapata nafasi isiyofika mbili kwa mwaka. Mkiweka paramediki wawili wawili katika ambulensi mbili tu, yaani viti vinne, mtahitaji watu 14, na kila mmoja atapata nafasi tano. Tano si nyingi, lakini pamoja na mazoezi ya kila mwezi zinatosha kumfanya mtu awe na uhakika wa mikono yake.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunihusu. Kikosi nilichoanzia kazi ya uparamediki kilikuwa na paramediki katika kila gari, na nilikaa miezi minane bila kupitisha mpira hata mara moja. Siku nafasi ilipokuja, niliamini nimeuona mlango wa koo la hewa, nikapitisha mpira, na mstari wa kipimo cha kaboni dayoksaidi, yaani hewa inayotoka mapafuni, ukabaki umelala. Nilikuwa nimeingia katika umio, yaani njia ya chakula. Kwa sababu kipimo kilikuwa kimeunganishwa tangu mwanzo, tuliutoa mara moja na kuendelea kumpulizia mgonjwa kwa mfuko, naye akafika hospitalini akiwa anapata hewa. Kosa la namna hiyo halikuwa langu peke yangu katika taaluma yetu. Mwaka 2001 madaktari wa Orlando, Florida, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 108 waliofikishwa hospitalini wakiwa na mpira, wakakuta 27 kati yao, yaani robo nzima, mpira haukuwa mahali pake. Tangu wakati huo kipimo hicho kimekuwa sharti, na kuna njia nyingine pia: utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000 ambao moyo ulikuwa umesimama, ulikuta kuwa waliowekewa kwanza mpira rahisi usioingia ndani ya koo la hewa walikuwa hai baada ya saa 72 kwa asilimia 18.3, dhidi ya asilimia 15.4 ya walioanziwa na mpira wa ndani. Mpango wa mji wenu ueleze wazi ni kifaa gani kitatangulia, na useme kwamba hakuna mpira wowote utakaotumika bila kipimo cha kaboni dayoksaidi.

Mji unaotazamwa zaidi kwa mpangilio mzuri ni Seattle. Tangu mwaka 1970, kwa ushirikiano wa daktari Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery, mji huo umeshika utaratibu wa ngazi mbili. Magari ya kuzimia moto yenye wahudumu wa EMT yametapakaa mjini na hufika kwanza kukandamiza kifua na kushtua moyo. Paramediki ni wachache, hufanya kazi wawili wawili, hufunzwa chini ya madaktari wa hospitali ya Harborview kwa saa zaidi ya 2,000, na hutumwa kwa wagonjwa mahututi tu. Kwa miongo mingi eneo hilo, King County, limekuwa miongoni mwa yanayoongoza nchini kwa watu wanaopona baada ya moyo kusimama. Hali hiyo haikuletwa na paramediki pekee. Wapokea simu, madaktari na wananchi waliofundishwa wana sehemu yao. Lakini inaonyesha kwamba uchache wa paramediki, ukipangwa, si upungufu. Hata NFPA 1710, kiwango cha chama cha kitaifa cha kinga dhidi ya moto, ambacho wakuu wa zimamoto hukitaja sana, kinakubali mpangilio huo: mhudumu mwenye mashine ya kushtua moyo asafiri kwa muda usiozidi sekunde 240, na kikosi cha ngazi ya juu kwa muda usiozidi sekunde 480, katika asilimia 90 ya matukio. Kiwango hicho hakidai paramediki afike kwanza.

Kuhusu maandalizi, la kwanza ni daktari. Paramediki hutoa dawa na kufanya taratibu za hatari chini ya maelekezo ya daktari msimamizi, na ubora wa huduma hauwezi kuuzidi muda ambao daktari huyo anautoa. Nimeona miji ambako jina lake liko kwenye karatasi, sahihi yake iko chini ya itifaki, na hakuna mzimamoto anayemjua kwa sura. Katika mkataba wenu kuwe na saa za kazi zilizolipiwa, wajibu wa kupitia kila tukio la moyo kusimama na kila mpira uliopitishwa, mamlaka ya kumsimamisha paramediki kutoa huduma hadi afunzwe upya, na siku za kupanda gari pamoja na wahudumu. Ikiwa bajeti inayopendekezwa ina fedha za magari mapya na haina fedha za daktari, irudisheni.

La pili ni dawa zinazodhibitiwa, kama fentanili, midazolamu na ketamini. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2017 iliruhusu shirika la huduma za dharura lijisajili lenyewe kwa mamlaka ya kudhibiti dawa, na dawa hizo zitolewe kwa maagizo ya kudumu ya daktari bila kupiga simu kila mara. Ruhusa hiyo inakuja na daftari, makabati ya kufuli, hesabu ya kila zamu, na shahidi wa kumwaga mabaki. Hili ni jambo la kuandaliwa na kukaguliwa mapema, kwa sababu kikosi chenye uzembe hapa huishia kuwapoteza watu wake wenyewe kwa uraibu.

La tatu ni mafunzo. Tangu mwaka 2013, anayetaka kufanya mtihani wa kitaifa wa paramediki lazima awe amehitimu katika chuo chenye ithibati inayotambuliwa, kwa hiyo mji hauwezi kuanzisha darasa lake katika kituo cha zimamoto bila chuo kama hicho kushiriki. Mzimamoto aliye darasani kwa mwaka mzima huacha kiti ambacho mtu mwingine lazima alipwe saa za ziada akikalie, na gharama hiyo mara nyingi huzidi ada ya chuo. Cheti nacho huhuishwa kila baada ya miaka miwili kwa saa 60 za masomo ya kuendelea. Mkuu wenu aulizwe pia iwapo kila mzimamoto atalazimishwa. Paramediki asiyeipenda kazi hiyo, aliyeichukua kwa sababu bila cheti hapandi cheo, huonekana upesi katika kumbukumbu ninazopitia: huandika kidogo, hupima kidogo, na humshawishi mgonjwa abaki nyumbani.

Sasa fedha. Hapa nadhani halmashauri yenu imeambiwa nusu ya habari. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, hulipa ambulensi kwa kumsafirisha mgonjwa. Kwa kawaida hailipi matibabu yaliyotolewa sebuleni bila safari, wala hailipi gari la kuzimia moto lililofika kwanza. Kwa hiyo paramediki sita walio katika magari hayo hawataleta mapato yoyote ya safari. Kwa upande wa ambulensi, kila ngazi ina uzito wake katika kanuni ya malipo: safari ya dharura ya ngazi ya msingi ina uzito wa 1.60, safari ya dharura ya ngazi ya juu ya kwanza 1.90, na ya ngazi ya juu ya pili, inayohitaji dawa kadhaa za mshipani au utaratibu mzito kama kupitisha mpira, 2.75. Kutoka 1.60 hadi 1.90 ni ongezeko lisilofika asilimia 19 kwa malipo ya msingi, na malipo ya kila maili hayabadiliki. Si kila safari itahesabiwa katika ngazi ya juu, kwa kuwa bima hudai ithibitishwe kwamba mgonjwa alihitaji huduma hiyo. Ongezeko hilo haliwezi kulipa mishahara ya viti 12. Linaweza kusaidia kulipa viti vinne. Kuna pia misaada ya shirikisho inayopitia FEMA, shirika la serikali la kukabiliana na maafa, mmoja kwa ajili ya vifaa na mafunzo na mwingine kwa ajili ya kuajiri, lakini misaada hiyo ina mwisho, na mji uliowaajiri watu kwa fedha hizo hujikuta ukiwalipa wenyewe baadaye.

Kuna swali moja la sheria ya kazi ambalo watu wa kawaida hawaulizi. Mfanyakazi wa zimamoto anayezima moto anaweza kuanza kulipwa saa za ziada baada ya saa 53 kwa wiki, lakini paramediki asiye na mafunzo wala jukumu la kuzima moto mara nyingi huangukia kanuni ya kawaida ya saa 40. Mkiamua kuajiri paramediki wa ambulensi tu, jambo ambalo lina faida zake, hakikisheni mwanasheria wa mji ameliona kabla ratiba za zamu hazijatolewa.

Ningekuwa katika kamati yako, ningependekeza utaratibu huu. Mwaka wa kwanza mji uingize matukio yake katika daftari la kitaifa la moyo kusimama, CARES, lililoanzishwa mwaka 2004 na chuo kikuu cha Emory pamoja na CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, ili mjue mnaanzia wapi. Wahudumu wa EMT wafunzwe upya kukandamiza kifua bila kukatiza. Na wapokea simu wapimwe ni sekunde ngapi hupita kabla hawajamwelekeza mpigaji kuanza kukandamiza. Wakati huo huo daktari aajiriwe na watu wa kwanza wapelekwe chuoni, wakichaguliwa miongoni mwa waliojitolea. Mwaka wa pili ambulensi moja ianze katika ngazi ya paramediki, na ya pili ifuate baada ya daktari kuridhika. Magari ya kuzimia moto yabaki na EMT, au yapandishwe hadi ngazi ya kati. Makubaliano na paramediki wa kaunti yasivunjwe hadi hapo, maana kipindi cha mpito ndicho chenye hatari zaidi.

Unaweza pia kuikumbusha halmashauri habari ya Pittsburgh. Mwaka 1967, katika kitongoji cha Hill District, daktari Peter Safar na wenzake waliwachukua vijana weusi ambao wengi wao hawakuwa na kazi, wakawafundisha, na kundi hilo, Freedom House, likawa miongoni mwa huduma za kwanza za uparamediki nchini, hadi mji ulipoanzisha huduma yake mwenyewe mwaka 1975. Vijana wa mtaa wako wanaozungumza Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza wanafaa kabisa kwa darasa la EMT, na mji unaotaka kuwekeza katika ngazi ya juu uanze kwa kuwatafuta hao.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo linalohusu nyumba zenu moja kwa moja. Mama anayepiga 911 kwa Kiswahili huunganishwa na mkalimani kwa simu, na dakika zinazopita hapo hakuna paramediki anayeweza kuzirudisha. Wapigaji wataje kwanza lugha kwa Kiingereza, neno moja tu, "Swahili", kisha anwani. Na kanisani au msikitini, hata kabla mpango wa mji haujapitishwa, mwalikeni mzimamoto mmoja alete sanamu la mafunzo ili watu wazima wajifunze kwa mikono yao: mtu akianguka, haamki, na hapumui kama kawaida, piga simu, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kandamiza sentimita tano kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke chote kabla ya kukandamiza tena, na usiache hadi wahudumu waingie mlangoni.